Shajara ya Nyota: kurudisha choo na mkojo baada ya upasuaji wa kizazi

Jumamosi jioni. Tumerudi nyumbani

Nyota ametoka kliniki leo mchana. Jana alipasuliwa akaondolewa kizazi na ovari, kwa sababu kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Ni jike wa miaka saba, chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, kilo 20 kwenye mizani ya daktari. Ndiye mlinzi wetu hapa Morogoro: mchana analala bandani, usiku anafunguliwa na kuzunguka uwanja mpaka alfajiri.

Shajara hii ni ya jambo moja: kumrudisha Nyota kwenye haja zake kama zamani. Mshono na vidonge vimeelezwa vizuri kwenye karatasi niliyopewa. Habari za choo na mkojo dokta alinieleza kwa mdomo tukiwa mlangoni, nami nayaandika hapa yasipotee, maana najua kuna wengine wenye mbwa waliofanyiwa upasuaji kama huu ambao usiku huu wanajiuliza mbona mnyama hajaenda choo.

Kwanza alivyokuwa. Kabla ya kuugua, Nyota alijisaidia nyuma ya migomba, usiku, akiwa peke yake. Bandani hakuchafua hata mara moja. Wiki kadhaa baada ya joto lake la mwisho, yaani siku za kutaka dume, alianza kunywa maji kupita kiasi, akawa anakojoa bandani na kulala hapo hapo kwenye maji, jambo lililotushtua kuliko hata kukataa kula. Dokta amenieleza chanzo. Usaha wa kizazi huwapata zaidi majike ambao hawajafungwa uzazi, mara nyingi ndani ya miezi miwili baada ya joto, na bakteria anayeonekana sana ni E. coli. Sumu ya bakteria huyo huzuia figo zisirudishe maji mwilini. Mkojo unatoka mwingi na mwepesi, na mbwa inambidi anywe ili afidie. Kwa hiyo kukojoa ndani hakukuwa ukaidi wala uzee.

Kipimo cha kuanzia: mbwa wa kawaida hunywa mililita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Kwa Nyota ni kama mililita 800 hadi 1,200. Akizidi 100 kwa kilo, yaani lita 2, kuna tatizo. Wiki iliyopita alikuwa anamaliza jagi la lita 2 na kudai jingine.

Ninachotaka kukiona mwishoni: akojoe nje, kwa hiari, mkojo wa njano, apate choo kilichoshikana mara moja au mbili kwa siku bila kujikamua, asivuje akiwa amelala.

Maneno ya dokta yenyewe: "Mama, choo kikubwa kisikupe presha siku hizi za mwanzo. Mkojo ndio uuangalie. Akipitisha saa 24 bila kukojoa, nipigie hata kama ni usiku wa manane." Sababu yake inaeleweka. Mbwa ameingia kwenye upasuaji akiwa hajala, kwa hiyo utumbo ni mtupu. Dawa ya usingizi na tramadoli ya maumivu hupunguza mwendo wa utumbo. Wengi hukaa siku tatu, nne, hata tano kabla ya choo cha kwanza. Kibofu hakina subira hiyo.

Tumemweka stoo, ile yenye mlango wa nje. Mama yangu, ambaye kwa desturi aliyolelewa nayo mbwa havuki kizingiti, amekubali bila ubishi: "Akae stoo, ila mlango wa kuingia sebuleni ufungwe. Mgonjwa ni mgonjwa."

Jumapili

Usiku amekojoa akiwa amelala. Gunia na shuka kuukuu vimelowa kabisa. Hili nililitarajia, kwa sababu alitundikiwa dripu wakati wote wa upasuaji na baada yake, na bado alikuwa na usingizi wa dawa. Sikumkemea. Nimemfuta mapaja kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kumkausha, maana mkojo ukikaa kwenye ngozi unaichubua, na ukifika kwenye mshono ni balaa jingine.

Kazi kubwa ya leo imekuwa kamba. Nyota hajawahi kutembezwa kwa kamba maishani mwake, na mbwa wetu wengi ni hivyo hivyo: wanafungiwa au wanaachiwa, hakuna katikati. Sasa haruhusiwi kukimbia wala kuruka, kwa hiyo lazima atoke amefungwa. Tulipofika nje alisimama tu, mkia chini, akinitazama usoni. Anajua kukojoa akiwa huru gizani. Hajui kukojoa mtu akiwa amemshikilia shingoni mchana kweupe.

Nikaongeza urefu wa kamba, ile ya kuanikia nguo, nikasimama mbali nimempa mgongo. Nilisikia majani. Amekojoa kwa muda mrefu, karibu na ukuta wala si kwenye migomba, na mkojo ulikuwa mweupe kama maji. Nimempa kipande cha ini palepale. Dokta amesema zawadi itolewe mahali alipojisaidia, wala si mkisharudi ndani, la sivyo atadhani anasifiwa kwa kurudi.

Chakula: vijiko vichache vya wali laini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu. Ameramba akaacha. Maji ameyanywa.

Jumatatu

Leo nimejifunza kuhusu kola. Kola ya plastiki ya kliniki ilipasuka jana usiku, tukamtengenezea nyingine kwa ndoo ndogo iliyokatwa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa. Inazuia kulamba mshono vizuri sana. Lakini tulipotoka asubuhi kila alipoinamisha kichwa kunusa, ndoo iligonga ardhi, akarudi nyuma kwa mshtuko. Mbwa hachagui mahali pa kujisaidia kwa macho. Anachagua kwa pua, na harufu yake ya zamani ndiyo inayomwambia "hapa". Tukimziba pua tumemfungia choo.

Kwa hiyo utaratibu mpya: tukifika kwenye migomba namvua ndoo, mkono mmoja kwenye mkanda wa shingo, macho yangu kwenye tumbo lake. Akigeuza kichwa kuelekea mshono namwita. Akimaliza, ndoo inarudi kabla hatujapiga hatua. Jioni amenusa mashina ya migomba moja baada ya jingine, akazunguka, akachuchumaa. Ni mkojo tu, ila ni mahali pake.

Pia nimeona anachuchumaa nusu, anasimama, anachuchumaa tena. Mshono uko katikati ya tumbo na kukunja mgongo kunamvuta. Dawa ya maumivu niliyopewa ni asubuhi na jioni baada ya chakula. Nimepanga kumtoa saa moja hivi baada ya dozi, wakati maumivu yametulia, na tofauti inaonekana.

Niweke wazi jambo hili hapa, kwa sababu majirani wawili wameniuliza: dawa za maumivu za binadamu hapewi. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na panadoli inaweza kuharibu ini. Anapewa zile alizoandikiwa tu.

Jumanne

Bado hakuna choo kikubwa. Mkojo upo, asubuhi, mchana na jioni.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayempenda Nyota kwa dhati kwa sababu analinda hadi upande wake, amekuja na kichupa cha mafuta ya nyonyo. "Mwanangu, mpe kijiko kimoja tu, atafunguka." Nimemshukuru, nikampigia dokta kwanza. Jibu lake lilikuwa kali kuliko nilivyozoea kumsikia: mafuta ya nyonyo hukamata utumbo kwa msokoto, na huyu ana tumbo lililoshonwa majuzi. Mafuta mengine, kama parafini ya maji, mbwa akimiminiwa mdomoni yanaweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Na dawa za kusukumia choo kwa nyuma zinazouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya watu, zile zenye fosfeti, zinaweza kuvuruga chumvi za damu ya mbwa hadi kumuua. Kama italazimu kulainisha choo, atamwandikia yeye mwenyewe.

Akaniuliza maswali matatu. Anakula? Anatapika? Tumbo limevimba na kuwa gumu? Anakula kidogo, hatapiki, tumbo laini. "Basi mwache. Hana cha kutoa bado. Mpe chakula chenye maji, mtembeze polepole, na umtoe kila anapomaliza kula."

Hilo la mwisho lina msingi mzuri. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka na kuanza kusukuma kilichoko mbele. Ndiyo maana watoto wadogo nao huomba choo wakiinuka tu mezani. Kwa mbwa, nusu saa ya kwanza baada ya kula ndiyo saa ya kumpeleka.

Chakula cha leo: wali laini, kuku aliyechambuliwa, vijiko viwili vya boga lililochemshwa na kupondwa, juu yake supu nyepesi isiyo na chumvi. Boga lina nyuzinyuzi na maji, linafaa kwa choo kigumu na hata kwa choo chepesi. Mifupa marufuku. Kwetu mbwa na mfupa havitengani, lakini mfupa uliotafunwa hugeuka chokaa ngumu utumboni, na kwa mbwa ambaye utumbo wake umelala ni kumuongezea mzigo.

Jumatano

Amepata choo!

Ilikuwa baada ya chakula cha asubuhi, kwenye mgomba wa mwisho kabisa, karibu na mchongoma. Alizunguka mno, nikadhani ananusa panya. Kisha akachuchumaa, akajikamua kidogo, akatoa vipande viwili vifupi, vikavu, vya kahawia iliyoiva. Hakulia. Nilivikagua kwa kijiti, kwa sababu choo cha kwanza kina habari nyingi. Kingekuwa cheusi kinachonata kama lami, hiyo ni damu iliyosagwa kutoka tumboni, na dawa za maumivu zinaweza kuisababisha. Kingekuwa na damu nyekundu nyingi, au angekuwa anajikamua muda mrefu bila kutoa kitu, ni safari ya kliniki siku hiyo hiyo. Hiki kilikuwa kikavu tu, choo cha mbwa aliyekaa siku kadhaa bila kwenda.

Kipande kimoja nimekiacha palepale. Mama ameuliza kwa nini sikifukii. Nataka kesho akute harufu yake.

Nimempigia dokta, amecheka kwa furaha. Mtoto wangu ametangaza habari hadi kwa jirani wa mafuta ya nyonyo, naye amefurahi kama sisi.

Ijumaa

Sasa ni upande wa pili. Tangu jana choo ni chepesi, kama uji mzito, mara kadhaa kwa siku, na alfajiri moja amechafua stoo. Antibiotiki anazomeza zinaua bakteria wabaya pamoja na wazuri wa utumbo, na kuharisha kidogo ni jambo la kawaida. Dokta amesema nisizikatishe, kwa sababu usaha bado una mabaki mwilini na dozi lazima iishe. Nimerudi kwenye milo midogo mingi badala ya mikubwa miwili, boga nimelipunguza hadi kijiko kimoja, maji yapo muda wote. Akianza kutapika, kulegea au kutoa damu, napiga simu.

Maji aliyokunywa kuanzia asubuhi hadi asubuhi: lita 1 na nusu. Yanashuka.

Jumapili ya pili

Masika yamefika kwa nguvu. Mawingu yamekaa juu ya Uluguru tangu jana na mvua haikati. Kwa mradi huu mvua ni adui: mshono haupaswi kulowa mpaka nyuzi zitoke, na Nyota mwenyewe hapendi kuchuchumaa kwenye nyasi zenye maji. Asubuhi aligoma mlangoni, akarudi stoo, akakojoa kwenye kona ya magunia. Mchana alirudia kona ile ile.

Hapa sikutaka kuchelewa, maana kona ikishapata harufu inakuwa choo rasmi. Mambo mawili yamefanyika. Kona imepigwa deki kwa maji na sabuni ya unga, ikakaushwa, kisha nikaimwagia siki iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji na kuiacha ikauke yenyewe. Jiki sikutumia: ikikutana na mkojo inatoa hewa inayowasha macho na kifua, na ikichanganywa na siki ni hatari zaidi. Halafu bakuli lake la chakula nimelihamishia kwenye kona hiyo hiyo. Mbwa mwenye akili timamu hakojoi anapokulia.

La pili ni turubai. Kijana anayetusaidia kazi za shamba amefunga turubai la kuvunia mpunga kati ya migomba miwili na ukuta, akamwaga majani makavu ya migomba chini yake. Alipomaliza nilichukua kiganja cha udongo kutoka pale Nyota alipojisaidia Jumatano, nikauweka chini ya turubai. Jioni, mvua ikinyesha, nimempeleka chini ya mwavuli. Amenusa udongo ule muda mrefu. Akakojoa. Ini limepatikana palepale.

Nasema kwa uzito: mbwa huyu hakuhitaji dawa ya kukojoa wala fimbo. Alihitaji mahali pake parudi kuwa pake, pakavu, penye harufu anayoijua, na mtu asimkodolee macho.

Jumatano

Choo kimeshikana. Mara moja asubuhi, mara moja jioni. Stoo kavu usiku kucha. Joto la mwili 38.6, ambalo liko ndani ya kawaida ya mbwa.

Sina la kuongeza leo.

Ijumaa. Nyuzi zimetoka

Wiki mbili zimetimia, ambazo ndizo za kawaida kwa nyuzi za ngozi: siku 10 hadi 14. Mshono umefunga, hauna maji wala harufu. Morogoro tuna bahati, madaktari wa mifugo wanafundishwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Sokoine, hivyo kumpata anayejua kupasua mbwa si kazi kama ilivyo katika wilaya nyingi ambako dokta wa kata kutwa yuko na ng'ombe na mbuzi.

Ndoo imevuliwa kabisa. Nimemuuliza dokta kuhusu jambo linaloniweka macho: nimesikia majike waliotolewa kizazi huvuja mkojo. Amesema ni kweli kwa baadhi yao, hasa wenye miili mikubwa. Msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea kwa kukosa homoni za ovari. Lakini mara nyingi hilo huja baada ya miezi au hata miaka, na dalili yake ni ya pekee: mbwa anaamka na mahali alipolala pamelowa, naye hana habari. Ni tofauti na mbwa anayeinuka akaenda kukojoa pembeni. Dawa zake zipo. Ni lazima nijue kutofautisha, kwa sababu mbwa anayevuja akiadhibiwa anaadhibiwa kwa kosa asilolijua.

Wiki ya tatu

Tumeanza kumrudishia usiku wake. Siku za kwanza alikuwa huru ndani ya uzio tangu jua kuzama hadi tunapolala, nami nikiwa barazani. Kisha mpaka saa sita. Kamba naendelea nayo asubuhi tu, kwa sababu nataka abaki anajua kujisaidia akiwa amefungwa. Ni ujuzi utakaomfaa akiugua tena, na ningewasihi wenye mbwa wa ulinzi wawafundishe wakiwa wazima: kamba, kola, na neno moja la kumwambia ajisaidie. Sisi tunasema "haya, kajisaidie", na sasa analifahamu.

Chakula kimerudi ugali wa dona na dagaa, kwa kuchanganywa taratibu na wali kila siku zaidi kidogo. Choo hakikuyumba.

Turubai limeondolewa baada ya mvua kupungua. Alilitafuta jioni ya kwanza, akazunguka palipokuwa, halafu akaendelea hadi mchongoma.

Wiki ya nne. Vipimo

Dokta aliomba mkojo wa asubuhi. Nimeukinga kwa upawa wa mpini mrefu uliooshwa na kukaushwa, nikiuingiza taratibu chini yake baada ya kuanza kukojoa ili asisite, kisha nikaumimina kwenye chupa safi na kuufikisha kliniki mapema.

Mkojo ni wa njano, hauna usaha wala damu. Kipimo cha uzito wake ukilinganishwa na maji ni 1.034. Kwa mbwa, juu ya 1.030 maana yake figo zinaweza tena kuukoleza mkojo na kurudisha maji mwilini inavyotakiwa. Ile sumu imeondoka pamoja na kizazi. Maji anayokunywa sasa ni mililita 1,100 kwa siku.

Banda limepigwa chokaa, gunia jipya limetandikwa, na Nyota amehamia. Asubuhi hii gunia lilikuwa kavu. Nitaendelea kulipapasa kila asubuhi kwa miezi sita, kama dokta alivyoshauri, na nikiona unyevu nitaandika hapa.